Chuma Alichokizika Fundi Uani

Siku ile, Temeke, tulikuwa wanne. Mama mkwe wangu, mwenye nyumba. Wifi yangu, binti yake wa mwisho, mimba ya miezi minane. Fundi umeme, mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa kusini. Na mie, mke wa mtoto mkubwa. Majina yao ninayo yote, ila siyaandiki. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na umeme kwetu ulikuwa mgeni.

Asubuhi fundi alipachika ukutani visanduku vya chuma vya swichi na soketi. Akavuta waya kutoka humo hadi uani, akaufunga kwenye fimbo ya chuma aliyoipigilia ardhini. Akaniomba chumvi na mkaa, akafukia pembeni yake ili ardhi ipitishe umeme vizuri.

“Hii ndiyo ethi, shemeji. Umeme ukivuja kwenye chuma, uzame ardhini, usimpitie mtu.”

Akawasha, taa ikawaka, akaizima taa tu, meni, ile swichi kuu ya nyumba, akaiacha, akaenda kuoga.

Mama mkwe akarudi kutoka msibani. Akakiona chuma, akaona chumvi na mkaa vilivyobaki juu ya udongo.

“Nani kanizikia uchawi uani? Na binti yangu karibu kujifungua!”

Mie nikaendelea kuchambua mchele. Chumvi niliitoa kwenye kopo lake bila ruhusa. Nikajiambia, fundi atajieleza mwenyewe.

Mama hakungoja. Aliishika fimbo kwa mikono miwili, akavuta, akavuta tena. Nikasikia kisanduku kule ndani kikigonga ukuta, kisha waya ukakatika.

Wifi alikuwa ndani anapiga deki, miguu mitupu, sakafu chapachapa.

“Mbona giza hivi humu?” Kupitia mlango wa uani nikamwona ananyoosha mkono kwenye swichi.

“Wifi, usiguse! Mama, chumvi nimeitoa mie! Si uchawi, ni kinga ya umeme!”

Wifi akabaki mkono hewani. “Mnanitisha nini nyie?”

Fundi akaja mbio, povu masikioni, kandambili miguuni. Akagusisha testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, kwenye kisanduku. Ikawaka nyekundu.

“Waya wa moto, ule wenye umeme, umechomoka, umelalia chuma cha kisanduku,” akasema, akaenda kuzima meni. “Shikamoo mama. Umenivutia nyumba nzima.”

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akaingia ndani, akakaa sakafuni kwenye maji, kamkumbatia wifi miguu.

“Kirudishe chuma chako, mwanangu,” akamwambia fundi. Akanigeukia mie. “Na wewe kalete chumvi. Kopo zima.”

Hadi leo wifi hushikilia kwamba vidole vyake vilishafika kwenye swichi. Mie nilivyoona, bado. Nyie wa ukoo mliosimuliwa na mama mkwe mwenyewe, kama nimechanganya, nisahihisheni ningali nasikia.