Zahanati Niliyoipeleka Zaire

Nichekeni mkitaka, lakini hesabu yangu haikukosea. Miaka ya sabini nilikuwa karani wa mipango Koboko, Uganda, na baraza lilitaka kununua shamba la kujenga zahanati upande wa Midia. Nilichukua daftari la wagonjwa wa hospitali yetu, nikaandika vijiji walikotoka, kisha nikakokotoa mahali ambapo wote kwa jumla wangetembea umbali mfupi kabisa. Ramani niliyoichora haikuonyesha mpaka wa nchi, nami kwa kiburi sikwenda kukagua.

Siku ya kupima, niliwaongoza mwenyekiti na madiwani, tukavuka kijito hadi kwenye shamba la mihogo. Nikapigilia kigingi kwa mbwembwe. Mama mwenye shamba akaacha kulima.

"Munatafuta nini hapa?"

"Mama, serikali ya Uganda inataka kununua hapa, ijenge zahanati."

"Uganda iko kule, nyuma ya maji. Hapa iko Zaire, mutu yangu."

Madiwani wakaangua kicheko. Mwenyekiti akafoka, "Karani, ng'oa kigingi kabla askari wao hawajatukuta!"

"Nang'oa, mzee," nikasema, jasho likinitiririka. "Lakini wagonjwa wetu wengi wanatoka huku."

"Iko kweli," mama akasema. "Hata mimi natibiwa kwenu."