Siku Baba Mkwe Alipoingia Baharini

Nilikaa kwa muda wa karibu saa sita mbele ya bahari bila kulowesha hata kidole cha mguu, na sababu ilikuwa mzee mmoja aliyevaa kaptula ya kaki.

Ilikuwa miaka ile ya sukari. Miwa ilikuwa imepandwa mpaka ukutani. Ukifungua dirisha la jikoni, majani yanakukwaruza mkono. Kiwanda kilisaga bila kupumzika na matrekta yalipita na mizigo yakifuatana kama siafu. Wakulima wa pande zetu, huku Kakamega upande wa Mumias, walikuwa na chama chao, na mwaka ule viongozi wakaamua kutupeleka Pwani tukaone jinsi miwa inavyolimwa kule. Kila shamba lililoandikishwa lilipata nafasi moja. Baba mkwe alikuwa na lake. Mume wangu alikuwa na lake, kipande alichogawiwa tulipooana. Lakini mume wangu alifanya kazi kwenye mitambo ya kiwanda pia, na wakati wa kusaga hakuna cha ruhusa.

"Enda wewe," akaniambia. "Ukaone bahari."

Alisema kama mtu anayekutuma chumvi. Mimi wiki hiyo sikuwa na usingizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa kike wa miezi tisa mgongoni, kidato cha nne nimemaliza, na mahali pa mbali zaidi nilipowahi kufika ni Bukura, shule ilipotupeleka kutazama ng'ombe wa gredi. Bahari niliijua kwa ramani. Miaka minne nimeichora na kuipaka buluu pembeni mwa Kenya, nikisahihishwa na mwalimu ambaye naye hakuwahi kuiona. Kuitazama tu sikutaka. Nilitaka kuingia inifike kifuani, na mtoto wangu nimtie humo, halafu nirudi kwa miwa yangu nikiwa mtu aliyeingia baharini. Hilo tu. Sikuomba lingine.

Sasa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawapeani mikono. Hukalii kiti chake. Hupiti mbele yake kichwa wazi. Na hamuogi maji mamoja. Mtoni wanaume wana mahali pao na wanawake pao, lakini hata hivyo, ukifika na beseni lako ukasikia baba mkwe yumo majini, hata kama amejificha kwenye kona kule juu, unageuka unarudi nyumbani na jasho lako. Ukikosea ni aibu ya kuita wazee na kuchinja mnyama. Sikuwahi kupigana na jambo hilo. Mto wenyewe mwembamba, siku ni nyingi, utaoga kesho.

Baba mkwe naye alikuwa safarini, si nimesema ana shamba. Na senge, yaani dada yake, shangazi ya mume wangu, mjane mwenye miwa yake mwenyewe. Kwenye basi mzee alikaa kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa, na senge katikati kama mpaka wa nchi mbili.

Siku ya kwanza tulitembezwa kwenye miwa. Tumetoka kwenye miwa, tumesafiri mchana na usiku, tumevuka kwa feri, tukaenda kutazama miwa. Wazee walipima mashina kwa vidole wakasema yao ni manene zaidi. Mimi nilikuwa nanusa hewa tu. Bahari ilikuwa mahali fulani nyuma ya minazi na hakuna aliyekuwa na haraka nayo.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, basi likatushusha ufukweni. Kiongozi akatuambia tuko huru mpaka saa kumi, halafu ni safari ya nyumbani.

Sitaieleza sana. Ilikuwa kubwa na ilikuwa inatembea. Hapo kwenye ramani hakuna aliyeniambia kwamba inatembea.

Nikafungua leso nimshushe mtoto. Nilikuwa nimevaa gauni kuukuu makusudi. Nikainua kichwa nione pa kuingilia, na nikamwona baba mkwe anavua viatu. Mzee huyo hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Akavua shati. Akachovya kidole, akaonja, akatema, akacheka. Miaka mitatu nimeishi boma lake sijawahi kumsikia akicheka. Kisha akaingia, na kaptula yake, mikono ameinyoosha kama mtu anayevuka daraja la mti.

Senge akanishika kiwiko. "Kaa chini, mama."

"Nitaenda kule mbali, senge. Kule kwenye mawe."

"Maji yanashikana."

"Ni mbali. Haonekani hata."

"Mtoni unarudinga kwa nini? Si maji yanashikana? Na haya pia yanashikana. Mkwe hatuoganga naye maji moja."

"Senge, haya maji yanafika mpaka India. Kwa hivyo sasa wakwe wote wa India watoke?"

"Wa India wana senge zao."

"Nimesoma jiografia mpaka kidato cha nne, senge. Bahari si mto."

"Hiyo jiografia," akasema, akikunja miguu vizuri juu ya leso yangu, "iliolewa na nani? Kaa chini."

Nikakaa. Mngetaka nisikae, na hapo kuna watu arobaini wa kwetu, wote wanajua mimi ni mke wa nani? Wanawake wenzangu waliingia. Wakwe zao walikuwa nyumbani, wengine kaburini. Walishikana mikono wakipiga kelele kila wimbi likija, na mmoja wao, jirani yangu kabisa, alikuwa ananipungia mkono niende. Nilimwonyesha kwa kidevu: tazama nani yumo. Akatazama, akafunika mdomo, akaendelea kuruka.

Nilijiambia mzee atachoka. Mtu wa miaka sitini na kitu, asubuhi hii hii alilalamikia mgongo. Hakuchoka. Alilala chali akafundishwa kuelea na dereva wa basi. Aliinama akatazama miguu yake chini ya maji, muda mrefu, kama aliyeipoteza na kuipata. Saa sita akawa bado. Saa saba chakula kikaletwa, wali na samaki, nikashukuru Mungu: sasa atatoka, nitajirusha hata kwa dakika tano. Aliletewa sahani yake. Alikula amesimama, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Ametoka," nikamwambia senge.

"Miguu imo."

Jua lilikuwa linatupiga, mtoto analia, nimemnyonyesha mpaka maziwa yakaisha, nimemfunika na leso, mchanga umeingia kila mahali. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba mzee hakunikatalia. Angenikataza ningemchukia nikamaliza. Yeye hakuwa ananifikiria kabisa. Alikuwa na furaha yake, na furaha yake ilikuwa imekalia bahari nzima.

Baadaye maji yakaanza kwenda. Sikujua kwamba yanaenda. Nilifikiri ni macho yangu. Watu wa kule wanasema yanakupwa. Mzee akayafuata, akirudi nayo nyuma hatua kwa hatua, mpaka akawa kitu kidogo cha kaki kule mbele, na hapa mbele yetu pakabaki mawe, majani ya baharini na madimbwi.

Mama mmoja wa pale akapita na kijiti kirefu na kikapu, leso ameikunja mpaka magotini. Anatafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Alikuwa amenipita mara mbili asubuhi. Safari hii akasimama.

"Mwanangu, mbona umekaa juani tangu asubuhi kama uliyewekwa rehani?"

"Baba mkwe yumo ndani, mama."

"Ndani ya wapi?"

"Ya bahari."

Akageuka akaitazama bahari, huku, kule, mpaka mwisho. "Yote? Kwani ameikodi?"

Senge alikohoa. Nikamweleza yule mama mila yetu. Nilitegemea acheke, na alicheka, lakini si sana. Akasema hata kwao kuna mambo ya wakwe, mtu hawezi kujua kila ukoo una nini. Kisha akanionyesha kwa kijiti dimbwi moja kati ya miamba, pana kama chumba. "Hili limekatika. Halina habari na bahari mpaka maji yajae tena."

Nikamtazama senge. Senge akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda. Alilizunguka dimbwi lile kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliinama hapa, akainama pale. Upande wa mbele akakuta kijifereji, chembamba kama uzi, maji yanachirizika kwenda baharini.

"Yanashikana," akasema.

Nilihisi nitalia, na si kwa huzuni. Nadhani aliona uso wangu. Akasimama kidogo akitazama kule kaka yake aliko. Kisha akavua kiatu, akasukuma mchanga kwa kisigino, akarudia, akauziba ule mfereji, akaukanyaga mpaka ukawa mgumu.

"Sasa hayashikani. Ingia haraka."

Niliingia na gauni langu na mtoto wangu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yakinifika mapajani, na nilipokaa yakanifika kifuani. Mtoto alinyamaza. Akapiga maji kwa kiganja, yakamrukia usoni, akashangaa, akapiga tena. Samaki wadogo weusi walikuja wakanigusa vidole vya miguu. Nililamba mkono wangu, ulikuwa wa chumvi kweli. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kumi, labda. Yule mama wa pweza alikuwa amechuchumaa kando akimfundisha senge majina ya konokono.

Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe.

"Njoo uone! Dada yangu, njoo uone kitu hapa!"

Alikuwa anakuja mbio juu ya miamba, amebeba yule mdudu wa mikono mitano wanayemwita kiti cha pweza, amemnyanyua juu kama kombe. Mimi nimelowa, gauni limenishika mwili wote, na leso ya kujifunika iko kule nilikoketi. Kutoka siwezi. Nikazama mpaka shingoni nikamnyanyua mtoto juu ya maji. Mzee alikuwa hatua kumi hivi alipotambua kuna mtu. Akageuka ghafla akatupa mgongo.

"Nani yuko hapo?" akamwuliza dada yake, akiongea na bahari.

"Mke wa mtoto wako."

"Anafanya nini?"

"Anaoga."

"Kwa dimbwi? Na bahari yote hii?"

Sijawahi kutaka kurusha jiwe kama dakika ile. Mawe yalikuwepo. Lakini senge alinitangulia, na sitasahau jinsi alivyosema, polepole, kama anayempa mtoto dawa.

"Wewe ulikuwa ndani."

Mzee akajipangusa uso. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mgongo.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona hakuniambia?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anatania. Mimi, ambaye siruhusiwi hata kumwomba kikombe cha maji, nilitakiwa nimpigie kelele mbele ya watu arobaini kwamba atoke baharini nioge. Mzee akamweka yule mdudu kwenye maji mengine, taratibu, akatuzunguka kwa mbali uso ukiangalia upande, akapanda ufukweni. Akaokota viatu na shati. Akaenda zake moja kwa moja kwenye basi na kupanda.

"Haya," senge akasema. "Sasa hayana mtu."

Bahari ilikuwa imeenda. Ilikuwa ule mstari mweupe kule mbali sana, na kiongozi alikuwa ameanza kupuliza filimbi. Saa kumi. Dereva amewasha gari.

Nikampa senge mtoto. Sikumwuliza. Nikashuka kutoka kwenye miamba nikaanza kutembea. Filimbi ikalia, nikasikia jirani yangu ananiita, nikatembea. Nilifika kwenye maji, yakawa ya vifundo. Nikaendelea. Niliwaza mbele kuna kina, lazima kuna kina, nimekiona asubuhi mzee akielea juu yake. Nilikwenda, nikakwenda, mchanga ukiwa mgumu na wa mistari, na maji yakabaki kwenye vifundo, kisha kwenye miundi, na sehemu moja yakanifika magotini. Honi ya basi ikapigwa mara tatu. Mbele yangu ulikuwa bado mstari mweupe, na haukuwa umekaribia. Nikasimama. Nikachota maji kwa viganja nikajimwagia kichwani, mara moja, nyingine, ya tatu, yakaniingia machoni yakaniwasha. Kisha nikageuka.

Wote walikuwa wameshapanda. Baba mkwe kwenye kiti chake cha mbele alikuwa amegeuza uso dirishani na shati amelitupia begani, ili nipite. Nilipita nikichuruzika.

"Mama, tumekungoja," kiongozi akasema, na alikuwa amekasirika.

"Hata mimi nilingoja," nikamwambia.

Senge alinipa mtoto, akanitandikia leso kavu kitini, na basi likaondoka.