Mpira wa Shilingi Mia na Hamsini

Mihayo Budeba aliingia tambarare za Usangu tarehe 9 Oktoba 1972 akiswaga ng'ombe arobaini na mmoja. Kibali cha kuhamisha mifugo kutoka Shinyanga, chenye muhuri wa bwana mifugo, bado anacho. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, mke, watoto wanne, na kazi moja isiyomlipa chochote: ni nahodha wa Nyota ya Mbuga, timu ya vijana wa Kisukuma wanaochunga ng'ombe mwendo wa saa sita kwa miguu kutoka Chimala.

Timu hiyo ina uzito kwake kuliko anavyopenda kukiri. Sokoni wanaitwa wageni. Zahanatini wanaitwa wageni. Kwenye mkutano wa kijiji wakinyoosha mkono wanaulizwa wamekuja lini. Uwanjani hakuna anayewauliza, kwa kuwa mwaka jana waliwafunga wenyeji mabao matatu.

Mwaka huu kata ilianzisha ligi, na kanuni moja ilisomwa mara mbili: timu inayosafiri ndiyo inayoleta mpira, nao uwe wa ngozi, namba tano. Isiyo na mpira inapoteza mchezo na kutolewa. Hadi wakati huo Nyota walikuwa wakicheza na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani.

Jumamosi, tarehe 2 Julai 1977, Mihayo aliuza dume mdogo mnadani, akapanda basi la Mbeya pamoja na beki wake, Ngolo. Waliukuta mpira Mwanjelwa, dukani kwa Eliezeri, ukining'inia kwenye wavu juu ya madebe ya mafuta ya taa. Nyuma ya mlango ilibandikwa orodha ya bei, kama sheria inavyotaka. Mpira wa ngozi namba tano: shilingi 72.

"Mia na hamsini," alisema Eliezeri kabla hajaulizwa.

"Karatasi yako inasema sabini na mbili," alisema Mihayo.

"Basi inunue karatasi, mkaipige teke."

"Bwana, mimi nimesoma. Sabini na mbili."

"Mzee wa ng'ombe, mpira wa sabini na mbili upo Dar es Salaam. Nenda kauchukue. Au nenda Iringa, pale Ipogolo wanauza mia na sitini. Ukirudi utanikuta."

Ngolo alitaka waondoke. Mihayo alifikiria Jumapili ya tarehe 10, mchezo wa kwanza, tena wa ugenini, akahesabu noti mezani. Kisha akaomba stakabadhi. Eliezeri aliandika kwa mwandiko mzuri: mpira mmoja, shilingi 72.

"Umeandika sabini na mbili."

"Ndiyo bei yake."

"Na zile nyingine?"

"Zile ni asante yako."

Kima cha chini cha mshahara wa mjini ni shilingi 380 kwa mwezi. Mfanyakazi anayelipwa kima hicho angetoa karibu asilimia arobaini ya mshahara wake kununua kitu ambacho watoto wake watakipiga teke. Hata shilingi 72 si bei ya mtu wa kawaida. Mchezo ambao kila mtu anasifiwa kwa kuupenda umewekewa bei ya wachache, na hao wachache hawachezi.

Eliezeri ana hoja zake. Anasema anapata mipira mitano kwa mwaka, kwamba humtuma mtu Dar es Salaam mara mbili kabla ya kupata mmoja, kwamba nauli na hongo za njiani haziko kwenye orodha ya nyuma ya mlango. "Nikiuza kwa sabini na mbili," anasema, "nitauza mpira wa mwisho na duka." Kwa hesabu yake, mpira ule ulimgharimu shilingi 110. Alipoombwa hati ya ununuzi, alisema imeliwa na panya. Na hata kama panya wanasema kweli, bado kuna shilingi arobaini zisizo na maelezo.

Kilichofuata Mihayo anakisimulia akiangalia pembeni. Nyumbani kwake ngozi haiachwi ikauke. Kamba, mikanda, ngozi ya kulalia, vyote hupakwa samli hadi vilainike. Kitu cha shilingi mia na hamsini kilistahili samli iliyo bora. Aliupaka mpira Jumapili, akaupaka tena Jumatano, akauanika kivulini. Mkewe, Mbuke, alimwambia unang'aa kama ndama aliyelambwa na mama yake.

Tarehe 10, dakika ya thelathini, mpira ulianza kukataa kudunda. Wakati wa mapumziko ulikuwa umelala chini kama kibuyu kilichokanyagwa. Mwalimu Didas, mwamuzi na katibu wa ligi, alifungua kamba ya mpira akavuta bladda, kile kifuko cha raba cha ndani. Ilinata vidoleni.

"Nani kaupaka mafuta?"

Ngolo alimgeukia nahodha wake.

"Mafuta yanaila raba, jamani. Kwani mlikuwa mnataka kuulalia?"

Wenyeji walicheka sana. Ngolo hakucheka. "Kaka, dume zima," alisema, "umelikaanga kwa samli yako mwenyewe." Mihayo alimshika shati, wakatenganishwa na kipa.

Didas hakuwa mtu mbaya. Matokeo yalikuwa bila kwa bila. Aliamua kipindi cha pili kichezwe kwenye uwanja huohuo Jumapili ya tarehe 24, Nyota wakija na mpira unaofaa. Wasipokuja nao, wametoka.

Siku tatu baadaye Mihayo alikuwa tena Mwanjelwa, na bladda iliyooza mfukoni. Kosa la samli lilikuwa lake, na alilisema mwenyewe. Alitaka bladda tu. Zilikuwepo, aliziona tatu ndani ya kabati la kioo.

"Siuzi bladda peke yake," alisema Eliezeri. "Inakwenda na mpira."

"Mpira ninao. Nimeununua hapa."

"Basi nunua wa pili, upate bladda mbili."

"Shilingi ngapi?"

"Umesahau? Mia na hamsini. Wewe na samli yako mtanitajirisha, baba."

Mihayo anasema mkono wake ulikuwa umeshika fimbo, na kwamba aliiegemeza ukutani kwanza ndipo akazungumza. "Wizi wa kwanza nilikulipa kwa mkono wangu," alimwambia. "Wa pili utauvunja mlango wangu kuupata." Akatoka. Angeweza kuuza ng'ombe mwingine. Wachezaji wanne walimwomba afanye hivyo, Ngolo akiwa wa kwanza, na mzazi mmoja aliahidi mbuzi wawili. Aliwakatalia wote. Tangu hapo wawili wameacha kuja mazoezini.

Badala yake alikwenda na stakabadhi kwa mkaguzi wa bei. Mkaguzi aliisoma, akamwambia ukweli: karatasi hii inaonyesha duka limeuza kwa bei halali. Bila shahidi, hakuna kesi. Shahidi ni mmoja tu, aliyesimama karibu na meza noti zilipohesabiwa, naye alikuwa hazungumzi na nahodha wake. Mihayo alimfuata machungani. Ngolo alimsikiliza hadi mwisho.

"Nitasema nilichokiona," alijibu. "Lakini usidhani nimekusamehe dume."

Jumapili tarehe 24 Nyota ya Mbuga hawatakuwa na mpira, na watatolewa kwenye ligi. Jumatatu asubuhi Mihayo na Ngolo watapanda basi Chimala kwenda Mbeya kuandikisha maelezo dhidi ya Eliezeri.