Salamu za Maneno Thelathini

Nimechoka kuificha aibu hii. Juzi, hapa Rumonge, Bwana Mdachi alitujaribu sisi tuliotaka ukarani: tuandike barua ya kuomba dawa ya homa kutoka boma la Usumbura, maneno yasizidi thelathini. Mama alikwisha kuwaambia majirani kwamba mimi ni karani.

Sikujua kama salamu zinahesabiwa, na niliona haya kuuliza. Nikazihesabu. Nikizipunguza nitaonekana sina adabu, basi nikamsalimu mkubwa wa boma, nyumba yake na jamaa zake, nikafuta, nikaandika upya, mpaka maneno yakatimia thelathini kamili. Nimejifundisha kuandika peke yangu, kwa hiyo nilijiona hodari.

Bwana akaisoma mara mbili.

"Kijana, umemsalimu vizuri sana. Sasa atajuaje kwamba tunataka dawa?"