Silansie ya Nkambo

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: siku ya mahari ya dada yangu, mbele ya wakwe wote, mimi Trezo niliwalaza watu wazima kifudifudi kwenye vumbi, tena kwa baiskeli, na kama pale uani kungekuwa na shimo ningeingia mwenyewe nikaomba nifukiwe. Leo naandika huku nacheka. Siku ile sikucheka.

Mambo yalianza kwa upendo (upumbavu wangu karibu wote huanza kwa upendo). Nina kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Likasi, na katikati yake nimefunga injini ndogo ya petroli, na ndoto yangu ni kufungua karakana siku moja, na kibao kikubwa mbele, niwafungie watu wote injini kwenye kinga zao, hata mchungaji wetu. Basi niliposikia kwamba Nkambo, bibi yetu aliyemzaa mama, hawezi kutoka kwake Kamatanda kwa miguu mpaka kwa mjomba Leo, ambako sherehe ingefanyika, kwa sababu magoti yake yamekataa kazi, nikasimama mbele ya familia nzima nikasema: "Nkambo nitamuleta minye!" (Minye ndiyo mimi.)

Na Nkambo si mtu wa kuachwa nyumbani. Kwetu bahasha ya mahari haifunguliwi mpaka bibi aketi, amwangalie kijana anayeoa, kisha aseme "nimemuona". Asipoketi, wageni wanaondoka na bahasha yao. Yaya Fifi, bibi harusi mwenyewe (kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto), alinishika shati akanivuta pembeni.

"Trezo, weye unajijua vile uko. Siku ile usinifanyie."

"Nikufanyie nini?"

"Kitu chochote."

Nikaenda kumjaribisha Nkambo kukaa nyuma, hapo nikaona kazi ipo. Bomba la moshi lililokuja na injini lilikuwa refu, limelala mpaka pale mguu wa abiria unapotakiwa kutulia, lingemchoma tu, halafu kelele zake hata mimi mwenyewe nilikuwa nimezizoea kwa shida. Nkambo aliziba masikio yote mawili.

"Minye nifike kwa bakwe nalia sawa mashini ya kusaga mahindi? Hapana, mujukuu. Mwanamuke mukubwa anafikaka kimya."

Kimya! Neno hilo nililala nalo. Maana kile kidude cha kwenye bomba cha kupunguza kelele sisi tunakiita silansie, neno la Wafaransa, yaani kitu cha kunyamazisha. Nikaamua nitafute silansie fupi, ikae chini ya injini, isiguse mguu wa mtu, na inyamaze kweli.

Papa Kabeya, mchomeleaji wa mtaani kwetu, alikuwa na mtungi mdogo wa kizimamoto cha gari, mwekundu, mtupu, ukubwa wa chupa ya bia. (Nikamwambia: "Papa, hapa moto ukisoma jina utaogopa." Nikacheka peke yangu.) Akaukata kitako, akapitisha ndani bomba jembamba lenye matundu mengi, akatengeneza kifuniko cha nyuma cha kufungwa kwa bolti tatu, kisha akaniangalia machoni.

"Sasa kati ya bomba na mutungi unajaza nyuzi za chuma, zile bamama banasuguliya masufuria. Ile njo inameza sauti. Unasikia? Ya chuma."

Nikajibu nimesikia (njo ya kwetu ni ndiyo). Nilisikia "inameza sauti". Hiyo "ya chuma" ilipita pembeni ya sikio ikaendelea na safari yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaenda jikoni kuomba nyuzi za chuma, nikamkuta mama amezikamata, anasugua sufuria kubwa la kupikia bukari, yaani ugali, ya wageni, jasho linamtiririka, na mimi roho yangu ni laini, nikaona vibaya kumnyang'anya. Nikarudi ndani. Kwenye msumari karibu na cherehani ya yaya Fifi kulikuwa na sashe ya plastiki imetundikwa, na ndani kipande cha kikwembe, kile kitambaa cha kijani chenye michoro ya ndege kanga wa njano ambacho upande wetu wote tulishonewa sare. Kipande hakikuwa na pindo, hakikuwa na mikono, hakikuwa na umbo. Nikasema haya ni mabaki. Nikayakunja, nikayashindilia mtungini, nikakaza bolti kwa vidole kwa sababu spana sikuiona, nikawasha. Ndugu zangu! Injini ilikohoa kwa adabu, kama mzee ndani ya kanisa.

Natoka getini, yaya Fifi huyo, nywele nusu zimesukwa nusu bado.

"Trezo, haukuona kitambaa ya kichwa ya Nkambo? Niliiweka mu sashe."

"Hapana," nikajibu, na sikudanganya kabisa kabisa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeona mabaki. (Nilipofika kwenye reli nikaanza kujiuliza hicho kitambaa ni cha rangi gani. Nikaongeza mwendo ili nisijijibu.)

Nkambo nilimkuta mlangoni kwake, amevaa kijani yake ya kanga toka bega mpaka kifundo cha mguu, anapendeza kama bibi harusi, ila kichwani amefunga kitambaa cheusi cha zamani. "Hii ni ya njiani tu," akasema. "Kile kipya Fifi atanifunga yeye mwenyewe kule." Swali la kwenye reli likarudi na jibu lake. Pale ndipo ningefungua mdomo. Badala yake nikamsaidia kupanda.

Na safari ilikuwa tamu, sitakataa. Miguu yake imetulia vizuri, mkono mmoja ameshika mkanda wangu, upepo unapita.

"Mujukuu, moteri iko inatumika, ao tunashuka mulima tu?"

"Inatumika, Nkambo!"

"Aksanti. Hii njo kinga ya bantu bakubwa."

Kichwani mwangu kile kibao cha karakana kikawaka taa. Kisha tukaanza kupanda, injini ikachoka, ikawa inavuta pumzi kama mtu mwenye mafua, na nyuma yangu Nkambo akanusa hewa.

"Kuko muntu anapiga pasi?"

Ningesimama. Lakini turubai la kwa mjomba Leo nilikuwa nimeshaliona, na kipaza sauti nilikuwa nakisikia, wakwe wameshaketi, msemaji wao amesimama kwa suti nyeupe anasema, "Sisi tumekuja polepole, kimya kimya, kama bantu ba amani," na mimi ili nipande kile kituta cha getini nikavuta mafuta yote.

PWAAA!

Petroli yote iliyokuwa imezibwa na kitambaa mle ndani ya silansie iliwaka kwa pamoja. Kifuniko kiliruka kikagonga beseni, moto ukatoka kwenye kizimamoto (ndiyo, andikeni hivyo), moshi ukafunika geti, watu wakapiga kelele "Yesu!" na upande wote wa wakwe ukaenda chini pamoja na viti. Aliyebaki ameketi ni mjomba Leo tu, ambaye amefanya kazi ya kupasua miamba kwa baruti migodini maisha yake yote na masikio yake yalibaki huko. Aliangalia saa yake.

"Bamepasua mapema leo," akasema.

Halafu vikaanza kushuka. Vipande vya kitambaa, polepole, vya kijani, vyenye kanga wa njano, kingo zinafuka moshi, kimoja kikatua begani kwa msemaji. Na kwa kuwa upande wetu wote tulivaa kijani yenye kanga wa njano, kila mtu alianza kujipapasa aone amechanikia wapi. Yaya Fifi peke yake hakujipapasa. Alichungulia kutoka dirishani, akaniangalia mimi.

Nkambo alikuwa bado juu ya kinga, mgongo wima, hajaguswa hata na cheche (mdomo wa silansie ulitazama nyuma, Mungu ni mkubwa). Akashuka, akaokota kipande chenye kichwa cha kanga.

"Trezo. Hii ni nini?"

"Ni kitambaa yako, Nkambo. Nilizania ni mabaki."

"Uliuliza nani?"

Sikuwa nimeuliza mtu.

Akagusa kile cheusi kichwani. "Minye siwezi kuingia kwa bakwe na kitambaa ya kilio. Ni kuitia harusi mukosi." Akasimama nje ya geti, hasogei. Bahasha iko mezani, inaonekana. Dirishani yaya Fifi machozi yanachora mistari kwenye poda. Mimi nikafanya nilichoweza: nikavua shati langu la sare, nikabaki kifua wazi mbele ya wakwe, nikampa. "Nkambo, tukate hii."

"Vaa," akasema kwa sauti ndogo. "Usiongeze aibu juu ya aibu."

Hapo ndipo mama wa bwana harusi alipoinuka, akakung'uta vumbi, akafungua kitambaa chake cha zambarau, akabaki na misuko yake wazi, akatembea mpaka getini.

"Mama," akamwambia Nkambo, "sisi bakwe tulishalala chini bote mbele yako. Kuko heshima gani ingine unangoja? Ingia." Akamfunga kile kitambaa kwa mikono yake, watu wakapasuka kwa vicheko, hata msemaji na bega lake lililoungua.

Nkambo akaketi. Akamwangalia kijana muda mrefu, mpaka kijana akaanza kutoa jasho.

"Nimemuona," akasema. "Wakati benzake banaangukiana, ye alifunika mama yake."

Bahasha ikafunguliwa. Kwenye picha zote za siku ile Nkambo amevaa kijani yetu mwilini na zambarau yao kichwani, na mpaka leo wageni wanauliza alikuwa upande gani.

Alasiri akaniita. "Utanirudisha."

"Na kinga, Nkambo?"

"Na kinga. Lakini utaisukuma."

Nikasukuma mpaka Kamatanda, na viatu vyangu vya sherehe, yeye nyuma ameketi kama malkia anasalimia watu, na njiani nikajiapiza kwamba hata msumari nikiukuta chini sitauokota kabla sijauliza ni wa nani, na nikijiuliza swali tena nitalijibu palepale. Karibu na kwake akanigusa mgongo.

"Unasikia?"

Nikatega sikio. "Sisikii kitu, Nkambo."

"Basi," akasema. "Hii njo silansie."