Tangi Lisilokuwa Tayari

Mshonaji mmoja, aliyeitwa Sindano kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa amesubiri wiki nne tangi lake la kwanza la kufugia viumbe wa majini lijenge vijidudu vya kula sumu ya kinyesi. Alikuwa akiliandaa kwa ajili ya aksolotli wa mdogo wake, mnyama wa majini mfano wa mjusi. Siku moja asubuhi mdogo wake akatokea na mnyama huyo ndani ya ndoo.

"Dada, nimehamishwa kazi. Naondoka leo."

Sindano alichota maji ya tangi kwenye kichupa, akatia matone ya dawa ya kupimia. Yangebaki manjano yangekuwa salama, lakini yaligeuka kijani.

"Mtie tu," alisema mumewe. "Maji yanang'aa hivi, unaogopa nini?"

"Wewe unaona kung'aa. Mimi naona sumu."

Mnyama akabaki ndooni. Kila asubuhi Sindano aliacha cherehani, akambadilishia maji ya bomba yaliyoondolewa dawa ya klorini, akaizungushia ndoo taulo lililoloweshwa ili ipoe, maana mnyama huyo hawezi joto. Siku ya tano mnyama alianza kukataa kula.

Siku ya kumi maji ya kichupa yalibaki manjano. Alipima tena, na tena, asiamini. Ndipo akamtelezesha tangini polepole. Mnyama alitua mchangani, akatulia muda mrefu. Sindano akamwangushia mnyoo, na mnyama akaudaka mara moja.

Akampigia mdogo wake simu.

"Amekula," alisema, kisha akarudi kwenye cherehani yake.