Siku Kituo cha Butiama Kilipogeuka Kijani

Ofisini kwetu Musoma, pale Iringo, kuna skrini ukutani inayoonyesha kila kompyuta ya chama chetu cha ushirika wa maziwa. Iliyopokea masasisho yote inaonekana kama kidoti cha kijani. Iliyobaki nyuma ni kidoti chekundu. Kazi yangu mimi, mwenye kidato cha nne na cheti cha ufundi wa kompyuta, ni kuhakikisha vidoti vinakuwa kijani. Naipenda kazi hii mpaka nyumbani Buhare wananicheka. Nikiona kijani kimeenea kutoka Musoma hadi Bunda, najisikia kama mfugaji anayetazama malisho baada ya mvua.

Kila mwezi vinakuja viraka vipya vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanapenyea. Hatuviweki kote kwa mpigo. Vinaanzia Bunda, kwenye kompyuta chache tu, maana kuna mwezi kiraka kilishuka na printa zote za kule zikagoma. Tukiona Bunda pametulia, tunavirusha vituo vyote usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi mimi nawahi kazini kutazama kijani changu.

Butiama tu ndiyo ilikuwaga nyekundu, mwezi baada ya mwezi. Kituo chenyewe kina kompyuta moja, imeunganishwa na mzani. Mfugaji akiweka keni ya maziwa, uzito unaingia wenyewe kwenye mfumo. Anayekisimamia ni mama mmoja mtu mzima, na kila nikimpigia simu alikuwa na jibu lilelile: "Mwanangu, huku kila kitu kinafanya kazi. We kaa kwa amani."

Tulidhani anatupuuza. Bosi wangu, dada mpole asiyepandisha sauti, alimvumilia hadi likatangazwa tundu moja baya kweli, mwizi anaingia bila wewe kubonyeza chochote. Likatoka agizo: kompyuta yoyote itakayokuwa nyekundu Ijumaa jioni inakatwa kwenye mtandao. Kwa Butiama hiyo maana yake mzani unanyamaza, kituo kinafungwa, na wafugaji wapeleke maziwa yao Bunda. Wengi wanaleta kwa baiskeli. Maziwa yatafika Bunda yameshaganda.

"Nenda mwenyewe," bosi akaniambia Ijumaa asubuhi.

"Itakubali tu, dada."

"Wewe kila kitu kwako kitakubali."

Nikapanda gari lililokuwa linarudisha keni tupu. Njiani nilishaanzisha kampuni yangu ya kutengeneza kompyuta kanda nzima ya ziwa, na nilikuwa nachagua rangi ya kibao chake, ndipo dereva akaniambia nishuke, tumefika.

Nilimwamkia mama, naye akanitazama kifua kabla ya kuitikia.

"Marahaba. Sasa wewe mura, kijana mzima, wingu lote hilo, na umekuja na fulana nyekundu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nyekundu inaita radi. Vua, au funika."

Akanirushia koti lake jeupe la kupimia maziwa. Lilinibana mabegani, mikono ikaishia karibu na viwiko. Nikakaa hivyohivyo mbele ya kompyuta, kama daktari aliyerefuka ghafla, nikaanza kuvishusha viraka vya miezi yote iliyopita. Vilishuka vizuri. Vikaanza kujipanga ndani, na skrini ikaandika kwamba kompyuta isizimwe.

Hapo ngurumo ya kwanza ikapita juu ya paa.

Mama akaanza mzunguko wake. Akafunika kioo cha ukutani kwa kanga. Akachomoa chaja ya simu. Akaizima redio na kuichomoa. Kisha akainama kwenye waya wa kompyuta.

"Mama, hapana! Usichomoe!"

"Mbona nachomoaga kila siku? Nikifunga jioni sibakizi kitu ukutani. Radi ya huku inakujaga usiku."

Kumbe! Miezi yote hiyo tulikuwa tunarusha viraka usiku kwa kompyuta iliyolala na waya wake sakafuni. Wala hakuwa anatupuuza. Kompyuta iliyotangulia iliunguzwa na radi yeye mwenyewe akiwa chumba cha pili, na tangu hapo ile mpya anailinda kama mtoto.

"Nikiiacha ikaungua, kituo kinafungwa," akasema.

"Na ukiichomoa sasa hivi katikati, haitawaka tena. Kinafungwa vilevile."

Sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Umeme wa angani ukamulika dirisha, na ndipo jicho langu likaangukia chini ya meza, kwenye boksi la betri, lile linaloshikilia umeme kidogo ukikatika.

"Mama, chomoa waya wa boksi ukutani. Kompyuta iachie kwenye boksi."

"Litashikilia kwa muda gani?"

"Sijui. Betri yenyewe ni ya zamani."

Akajipiga ishara ya msalaba, akachomoa. Mimi nikang'oa waya wa antena ya mtandao. Boksi likaanza kulia pii, pii. Mvua ikashuka juu ya bati hata tukawa tunapiga kelele kusikizana.

"Imefika wapi?"

"Asilimia sabini."

"Ilikuwa sabini tangu nimeanza Salamu Maria!"

"Ndivyo zilivyo, mama. Inasimama, halafu inaruka."

"Kama ndama anayekataa kuvuka mto."

Ikaruka kweli. Ikafika mwisho, kisha skrini ikazimika, giza tupu.

"Imekufa?"

"Inajiwasha upya," nikamjibu, kwa sauti ya mtu asiye na hakika. Boksi sasa lilikuwa linalia bila kupumzika. Nilimwona mama ameshika pembe ya koti alilonivika, nadhani bila kujijua, na moyo wangu ukaniuma kwa ajili yake.

Kisha ukatokea ukurasa wa kuingilia, na chini yake nafasi ya nywila.

Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi. Nikaizima kompyuta taratibu, kistaarabu, na boksi likanyamaza. Nilikaa pale nikivuta pumzi kama niliyeogelea.

Mvua ilipoisha tukachomeka kila kitu. Wafugaji wakaanza kufika na maziwa ya jioni, magurudumu yamejaa tope. Keni ya kwanza ilipowekwa, mzani ukasoma, na simu yangu ikaita.

"Butiama ni kijani," bosi akasema. Nilimsikia akicheka. "Ulifanyaje?"

"Nilivaa koti, dada."

Mama alinipa kikombe cha mtindi, akaniongezea kingine kabla sijamaliza.

Siku hizi viraka vya Butiama tunavirusha mchana, maziwa ya asubuhi yakishaondoka na mama akiwa bado yupo. Agizo hilo alilitoa bosi mwenyewe, na vituo vingine vilivyokuwa vinachelewachelewa vikapona kwa dawa hiyohiyo. Mimi kazi yangu ni kupiga simu kwanza.

"Shikamoo mama. Wingu likoje huko?"

"Marahaba, mura. Kweupe. Umevaa nini leo?"

"Ya bluu, mama."

"Haya, leta."